Mistari ya Ukweni

— Panda ovyo, Ildephonse! Ovyo! Tupa mbegu kama muntu anamwagia kuku!

Firmin alikuwa ameegemea jembe lake, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Mbele yake rafiki yake Ildephonse alikuwa amepiga magoti katika udongo wa Nyakabere, kamba imefungwa kwa kijiti huku na kwa kijiti kule. Anapima shubiri, anatoboa shimo, anaweka mahindi, anafunika polepole kama anayemlaza mtoto.

— Nikitoa kamba, sitaona mahali nilipita. Bila lineti, macho yangu inaishia ku pua.

— Basi ishia ku pua! Nani alikutuma kupima? Hii ni shamba, haiko ubao!

Hizo lineti zake, miwani yenye vioo vizito kama chini ya chupa, zilikuwa zimefichwa ndani ya mtungi wa maharagwe. Maana mwaka ule wa 1964, tangu waasi waingie Uvira, lineti ilikuwa kitu cha kukuua. Kalamu kwenye mfuko wa shati, inakuua. Mikono laini, inakuua. Ukionekana umesoma, wewe ni muntu wa serikali, mtoto wa Wazungu, na hapo hakuna wa kukusikiliza.

Na hawa wawili, maskini ya Mungu, walikuwa wamesoma mpaka ikaonekana kwenye mwendo.

Walijuana ku masomo ya Kasenga, shuleni, wakingali wadogo: Ildephonse, Firmin, na Ernestine binti ya Mzee Sévère. Wenzao wakikimbilia ziwani kuoga, wao wanabaki nyuma ya darasa wanabishana kwa nini mwezi hauanguki. Muhula huu Ernestine wa kwanza na Ildephonse wa pili, muhula ujao Ildephonse wa kwanza na Ernestine wa pili. Firmin siku zote wa tatu, na anasema mwenyewe: "Minye nashika ngazi, bengine bapande." Wakaenda kusomea ualimu pamoja. Uhuru ulipofika, walimu Wazungu wakajaza magari yao, wakatoroka, funguo za masomo wakamwachia mzee wa kufagia. Mzee wa kufagia akawapa hawa watatu. Basi wakashika madarasa, kila mmoja chumba chake, wanatupiana maswali ya hesabu kupitia dirishani.

Miaka yote hiyo Ildephonse alimpenda Ernestine, na miaka yote hiyo hakumwambia. Aliongea naye juu ya nyota, juu ya nzige, juu ya mito ya Ulaya. Juu ya kile kitu chenyewe, kimya.

Masomo yalipofungwa kwa sababu ya vita, Ernestine akawaleta wote wawili kwa baba yake Nyakabere. Majirani wakaambiwa hawa ni binamu, wamekuja kulima. Hapo Firmin akachoka kungoja. Akaenda kwa Mzee kumsemea rafiki yake, kama desturi inavyotaka. Mzee Sévère akamjibu bila hata kuweka kikombe chini:

— Ernestine njo mutoto yangu peke. Sitamupana kwa muntu wa kalamu. Leo kalamu, kesho mujane. Niletee mulimaji.

Ndiyo maana Ildephonse alikuwa amepiga magoti. Mzee alikuwa ameenda Katogota kumwona ndugu yake mgonjwa, na kijana alitaka akirudi akute shamba lake lote limepandwa, aseme kwa mdomo wake: huyu ni mulimaji.

Ernestine akatokea na sahani ya ugali na ndagala. Akasimama. Akatazama shamba, akatazama tena.

— Ildephonse. Hii ni nini?

— Shamba.

— Naona ni shamba! Hii mistari?

— Mahindi inapenda nafasi, Ernestine. Mizizi ikikutana, inagombania...

— Weye! Hujue mambo ya pamba?

— Pamba? Najua. Ni zao la bonde la Ruzizi, linahitaji jua na...

— Wacha kitabu!

Kitabu hakikumwambia hivi: wakati wa Wazungu, watu wa bonde walilimishwa pamba kwa nguvu. Kwa kamba. Mstari ukipinda, fimbo. Uhuru ulipokuja, watu walizitia kamba zile moto na wakacheza ngoma kuzunguka moshi. Tangu siku ile hakuna muntu wa bonde aliyepanda kitu kwa mstari. Ildephonse, mtoto wa Kasenga, pamba aliijua kwenye ramani tu. Sasa upande wa juu, kule alikoanzia, mahindi yalikuwa yameshaota, mistari ya kijani imenyooka kama imechorwa na rula. Na barabara inapita palepale.

— Vuruga! Ernestine akasema, sahani ameshaiweka chini. Firmin, leta jembe! Tuvuruge!

— Nilimwambia ovyo, Firmin akalalamika. Ovyo njo usalama!

— Musimame hapo hapo!

Wakasimama.

Barabarani kulikuwa na waasi, mikuki na bunduki, majani vichwani. Mbele yao Komanda Modeste, kijana wa Katogota mwenye mabega kama mlango. Watoto waliokuwa wanafuata nyuma walikaa mbali, kila mtu alijua hawa hawaguswi: ukiwagusa, dawa yao ya kuzuia risasi inaharibika.

— Nani alipanda hii?

Akaufuata mstari wa kwanza kwa kidole.

— Hii ni mistari ya agronome, bwana shamba wa pamba. Muntu wa Wazungu iko hapa. Nani?

— Ni minye, Ernestine akasema.

— Weye, mwanamuke?

— Minye. Nilifundishwaka ku misioni.

— Komanda, anadanganya, Ildephonse akasema. Ni minye.

— Ildephonse, nyamaza!

— Nyamaza weye. Kamba ni yangu.

— Mbegu ni ya kwetu! Ni minye!

— Ni minye!

Firmin akaangalia mbinguni. Watu hawa, akawaza, watagombania nafasi ya kwanza hata kwa kufa.

Komanda mwenyewe alichanganyikiwa. Alikuwa amezoea kila muntu amwonyeshe mwenzake kwa kidole. Akainua mkono, na yule mwenye bunduki akasogea. Ernestine akaenda mbele ya Ildephonse, akafungua mikono yake yote miwili kama mama kuku.

— Kelele gani mu shamba yangu?

Mzee Sévère alikuwa anakuja kwa njia ya Katogota, fimbo mkononi, miguu yote vumbi. Akapita katikati ya mikuki kama muntu anayepita katikati ya mbuzi zake.

— Yambo, muzee, Komanda akasema.

— Yambo, mutoto. Banangu bamefanya nini?

— Huyu mwanaume ni nani?

Mzee akatazama mistari. Mshipa ukasimama kwenye paji la uso wake. Kisha akamtazama binti yake, mikono imefunguliwa vile, haondoki.

Halafu akacheka.

— Huyu? Huyu ni mukwe wangu.

Ernestine akageuka. Ildephonse akafungua mdomo, Firmin akamkanyaga mguu.

— Mukwe, Komanda akasema. Na mistari?

— Njo mutihani yangu! Weye ungali kijana, pamba ulisikia tu. Huu mugongo yangu ilikula fimbo juu ya kamba, mutoto wangu. Nikaapa: mwanaume atakayetaka Ernestine, atapanda shamba yangu yote na kamba, magoti chini, ajue babamukwe wake alipita wapi. Fimbo tu njo sikumupiga. Huruma.

Mmoja wa wale wa mikuki akaanza kucheka. Mwingine akamfuata.

— Babamukwe wangu alinibebesha mawe, Komanda akasema polepole, na uso wake ukawa wa muntu wa kawaida kidogo. Mawe ya kujenga zizi. Nikamaliza. Akasema, nimebadilisha mawazo, rudisha ku muto.

— Na ulirudisha?

— Nilirudisha! Ningefanya je?

— Njo ukwe hiyo. Muntu anayelima ukweni ni wa mwenye shamba mpaka amalize. Unajua.

— Najua. Komanda akasema, na uso wake ukafungika tena. Huyu hakusoma?

— Huyu? Hata kuhesabu mbuzi ni shida.

— Tuone. Weye! Saba na nane ni ngapi?

Jamani. Ildephonse, tangu azaliwe, hakuwahi kuliacha swali bila jibu. Hata usingizini alikuwa anajibu, muulize Firmin waliyelala naye chumba kimoja ku masomo ya ualimu. Jibu likampanda kooni, likagonga meno. Masikio yakawaka moto. Akamtazama Ernestine, ambaye bila lineti alikuwa ukungu tu wenye kitambaa chekundu. Akameza.

— Ni... mingi, komanda.

— Mingi namna gani?

— Mingi sana.

Waasi wakashika matumbo. Komanda akapangusa machozi kwa kiganja.

— Muzee, na huyu njo unamupana binti?

— Iko na mugongo muzuri.

— Bon. Jumamosi, siku ya posho, tutapita hapa tena. Nitataka kuona harusi na nitakula nyama. Nikikuta hakuna harusi, nitajua mulinicheza. Munasikia?

— Tunasikia, Mzee akasema. Njoo na njaa.

Wakaenda. Nyimbo zao zikafuata barabara mpaka zikapotea kwenye mihogo. Firmin akakaa chini palepale, juu ya mistari, na hakuna aliyemkataza.

— Nimezeeka, akasema. Leo asubuhi nilikuwa kijana.

Ernestine akaokota sahani, akabaki ameishika. Alikuwa anangoja. Sasa, akawaza, sasa atasema.

Ildephonse akavua kofia yake ya majani.

— Papa Sévère, asante. Umeniponyesha. Lakini ile neno ulisema mbele ya bunduki, na neno ya kulazimishwa haifunge muntu. Nakurudishia. Leo leo nitavuka Ruzizi, niende ng'ambo. Mutawaambia mukwe alitoroka kazi.

— Yesu wangu, Firmin akasema.

— Umemaliza? Ernestine akauliza, sauti ya chini kabisa.

— Njo haki, Ernestine. Mzee alikataa. Haiko vizuri nipitie ku mulango wa hofu yake.

— Haki! Firmin alisema yake. Papa alisema yake. Komanda mwenyewe alisema yake, na tarehe akaweka! Minye nani ameniuliza? Nimekaa chumba ya pembeni na weye tangu uhuru. Kila siku unakuya ku dirisha. Nasema: leo. Unaniuliza urefu wa muto Danube!

— Niliogopa.

— Uliogopa nini? Sasa hivi ulisimama mbele ya bunduki unabishana!

— Bunduki ni rahisi. Inamaliza mara moja. Weye ungesema apana, ningeisikia kila siku kupitia dirisha, unafundisha watoto kwa sauti ile ile.

Mzee Sévère akakohoa, akachora chini kwa fimbo yake.

— Sikia, mutoto. Nilikukataa juu niliogopa kuzika mukwe. Leo nimeona kama ukizikwa, huyu ataingia nawe mule ndani, mikono imefunguliwa. Sasa nakataza nini? Neno yangu sirudishi nyuma, hata kama komanda hatarudi. Lakini yangu haitoshi. Uliza mwenyewe.

— Desturi inasema Firmin...

— Apana Firmin! wakasema Mzee na binti yake pamoja.

— Hata minye nasema apana Firmin, akasema Firmin.

Ildephonse akaweka kofia chini. Akasogea karibu, akasogea tena, mpaka ukungu ule ukawa uso: macho, vumbi kwenye nyusi, mdomo uliobanwa ili usicheke wala usilie.

— Ernestine. Unakumbuka ile muhula ya kwanza ulinipita? Nilirudi nyumbani naimba. Mama akachinja kuku, alifikiri nimekuwa wa kwanza. Sikujua namna ya kumweleza. Tangu pale nakupenda. Unataka tuoane?

— Jibu iko tangu zamani, Ildephonse. Ni swali njo ilikuwa inachelewa.

— Lakini jibu yenyewe ni gani?

— Ni ndiyo, weye! Ndiyo!

Firmin akalala chali katikati ya shamba na kucheka mpaka kunguru wakaruka. Mzee Sévère alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta mbuzi, anaita majirani kwa sauti ya muntu aliyekasirika, ili wasione uso wake.

Siku ya posho harusi ikafanyika uani kwa Mzee. Komanda Modeste alikuja na njaa yake. Akala akiwa amesimama peke yake pembeni, kwa sababu ya dawa, na akina mama wakampelekea sahani kwa kuiweka chini na kurudi nyuma. Mchungaji akasimama mbele ya wawili wale, akafungua kitabu, akasafisha koo.

— Weye Ildephonse, unakubali...

— Ndiyo!

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

— Musiye bwana harusi! Mchungaji akasema. Swali haijamalizika!

— Mumuache, Mchungaji, Ernestine akasema, ameshika mkono wa mumewe kwa nguvu. Leo amewahi.