Muuza Vishikwambi na Nesi Msomaji

Jumamosi hiyo duka la simu na vishikwambi lilifurika watu, spika tatu zikishindana kwa kelele. Nesi alipenya hadi kaunta, gauni lake la kijani limekunjamana kwa msukumano, akaweka juu ya kioo kifaa chembamba cha kijivu.

"Kaka, nataka waya wa kuchajia hiki."

Muuzaji, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, alikigeuza-geuza.

"Si kile cha kusomea vitabu tu? Dada yangu, hiki hakipigi muziki, hakionyeshi sinema, hakipokei simu. Kinafanya nini hasa?"

"Kinanyamaza. Ungejifunza kwake."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Muuzaji naye akacheka, akampa waya, na kabla hajaondoka akamwomba namba ya simu. Akapewa.

Ndani ya miezi mitano mapenzi yalikuwa yamekolea, ila ubishi haukuisha. Muuzaji alijivunia kishikwambi chake: maktaba, redio, sinema na ofisi, vyote mkononi.

"Na kile kitabu ulichoanza, mpenzi, umefika ukurasa wa ngapi?" Nesi alimchokoza.

"Wa saba."

"Si ndio ule ule wa mwezi uliopita?"

"Mpira uliingilia kati, roho yangu."

Kisha ukaja mtihani wa ukunga. Nesi alikuwa ameshaanguka mara mbili, na chuo hakikuruhusu zaidi ya mara tatu. Wiki tatu kabla, alizima simu akajifungia na kifaa chake, vitabu vyote vya masomo vikiwa humo.

Muuzaji alipiga simu. Haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Wenzake dukani wakamtia maneno: "Huyo ameshapata daktari." Wivu ukampanda. Siku ya kumi na tisa uvumilivu ukamwisha, akaandika: "Mfurahie daktari wako. Sikusumbui tena."

Siku iliyofuata dada yake Nesi aliingia dukani.

"Shemeji, mbona umenuna? Si alikuandikia waraka mzima kabla ya kuzima simu?"

Muuzaji akapekua kishikwambi. Chini ya matokeo ya mechi, matangazo ya bei na vichekesho mia mbili na kitu, ujumbe ulikuwepo, haujafunguliwa: "Mpenzi, nazima simu hadi mtihani uishe, Ijumaa baada ya wiki tatu. Nikiisikia sauti yako sitasoma. Siku hiyo uwe langoni mwa chuo saa nane. Nikishindwa nitahitaji bega lako, nikiweza nitahitaji wa kurukaruka naye."

Jasho likamtoka. Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Saa nane kamili alikuwa langoni, lakini Nesi alikuwa ameshawasha simu na kuusoma ujumbe wake. Alitoka na sare yake nyeupe, macho yamemwiva.

"Daktari gani huyo? Nionyeshe, nami nimjue!"

"Nisamehe. Uliniandikia, ujumbe ukazama kwenye takataka za kishikwambi. Sikuuona."

"Hukuuona, au hukuniamini?"

Muuzaji aliinamisha kichwa. "Sikukuamini. Kishikwambi nakisingizia tu. Kosa ni langu."

Nesi alimtazama mpaka wenzake wote wakapita.

"Ungeendelea kukisingizia, ningeondoka zangu," alisema, akamtwika mkoba. "Twende, nina njaa."

Mwezi mmoja baadaye, adhuhuri, simu iliita dukani. Muuzaji, mikono imejaa maboksi, akaipokea kwa spika palepale kaunta.

"Mpenzi, kaa chini."

"Nimekaa," alisema, amesimama.

"Nimefaulu! Wa pili chuo kizima!"

Maboksi yakaanguka. "Mkunga wangu! Nioe! Yaani, nikuoe!"

Wateja wakavunjika mbavu.

"Ndivyo unavyoposa?" Nesi aliuliza, sauti ikimtetemeka kwa kicheko na machozi. "Uliza vizuri."

Muuzaji akapiga goti palepale, katikati ya maboksi.

"Utakubali nikuoe?"

"Amepiga goti, dada!" mama mmoja mwenye kitambaa chekundu kichwani aliinamia simu, akapaza sauti. "Tumemwona sote!"

"Basi mwambieni ainuke, mama. Nimekubali!"