Mapacha wa Banda la Rodrick

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ukungu haujaondoka mabondeni, uwanja wa kukusanyia tangawizi kijijini Mamba ulitawaliwa na sauti moja: "Mwaga tuone!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Bi Beatha, mkaguzi wa kikundi cha wakulima. Zamani baadhi ya watu walipanga tangawizi nzuri mdomoni mwa gunia, na katikati wakaficha udongo, mawe na mizizi iliyooza. Wanunuzi walikasirika, malori yakaacha kupanda mlima. Ndipo kikundi kilipoweka kanuni kwamba hakuna gunia litakalopimwa likiwa limefungwa. Mwenye mali huimwaga juu ya turubai, watu wakaitazama, kisha ikapelekwa kwenye mzani.

Devotha, binti yake Bi Beatha, alikuwa darasa la sita. Alfajiri alifagia uwanja, akachota maji, akamkatia ng'ombe majani, kisha akakimbia shuleni kuwahi kuhesabiwa namba mstarini. Wenzake walimwita Mbishi, kwa sababu hakukubali jambo kabla hajauliza sababu yake, na akishajibiwa aliuliza tena.

Mwaka ule mama yake alimpa matuta matatu nyuma ya nyumba.

"Mavuno ya hapa ni yako," alimwambia. "Ukimaliza darasa la saba yatakununulia tranka na godoro la bweni. Lakini ukizembea, usinitafute."

Mbegu ilikuwa tayari. Bi Beatha alikuwa amechagua vipande vyenye macho mazuri, akavipaka majivu ili visioze, akavihifadhi ndani ya tenga darini jikoni. Kilichosubiriwa ni mvua za vuli.

Tatizo lilianzia njiani kutoka shuleni. Hapo palikuwa na banda la gemu la Rodrick, kijana aliyerudi kutoka Same mjini na runinga mbili kubwa. Gemu iliyopendwa kuliko zote iliitwa Walinzi wa Bonde. Kila ilipofunguliwa, pembeni mwa kioo ilitokea alama nyeusi yenye namba 18, kisha mashine ikauliza mchezaji amezaliwa lini. Rodrick hakumwachia mtoto nafasi ya kujibu.

"Hapa wote mmezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka 1990," alisema huku akibonyeza na kucheka. "Mashine haipendi watoto."

Tangu hapo watoto wa banda lile wakaanza kuitana pacha.

"Pacha, niamkie!" Jackson alimwambia Devotha. "Mimi nilikutangulia dakika tano."

"Shikamoo ya dakika tano? Kwanza futa makamasi, mtu mzima wewe!"

Devotha alicheza vizuri kuliko wote, ila mlinzi wake hakuwa na mkuki wa dhahabu. Mkuki ule haukupatikana kwa ustadi. Ulipatikana, kama ulipatikana, ndani ya sanduku jekundu la bahati, lililotikisika na kung'aa likimwita mtu alifungue. Rodrick aliyanunua masanduku hayo kwa simu yake, na kwa watoto aliyatoa kwa bakuli moja la tangawizi kila sanduku.

Mara ya kwanza Devotha alipeleka bakuli moja, akapata kofia ya majani. Mara ya pili akapata kofia ya majani.

"Safari hii umeukosa kidogo tu, dada," Rodrick alimtia moyo. "Mkuki uko karibu. Usikate tamaa."

Alama ya 18 aliiona kila siku, na alijua kusoma. Aliizoea kama mtu anavyozoea doa ukutani. Bakuli likafuata bakuli, na tenga la jikoni likazidi kuwa jepesi.

Mawingu ya kwanza ya vuli yalipojikusanya juu ya milima, Bi Beatha alilishusha tenga. Akatazama ndani, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa akichambua maharage ya makande.

"Panya?" aliuliza.

Neno hilo lilikuwa mlango uliofunguliwa. Devotha angeitikia tu, na panya wangebeba lawama yote. Akakumbuka kwamba tayari alikuwa mtu wa mwaka 1990, na akachoka kudanganya.

"Si panya, mama. Ni mimi. Nimempelekea Rodrick, akanipa masanduku ya gemu."

"Na ndani ya masanduku umepata nini?"

"Kofia za majani."

"Ziko wapi nizione?"

"Zimo ndani ya runinga."

Bi Beatha aliketi juu ya kigoda.

"Tranka yako imo humo pia," alisema hatimaye. "Jumamosi utakuja nami uwanjani. Utazoa tangawizi ya watu na kuirudisha maguniani mpaka mgongo ukukumbushe."

Jumamosi ilipofika, Devotha alipiga magoti kando ya turubai na kuzoa. Mzee Loth, mwenyekiti wa kijiji na babu yake Jackson, alileta gunia lake, akajiegemeza kwenye fimbo.

"Bi Beatha, la kwangu lipime tu. Mimi ni mzee wa usharika, kila Jumapili nakaa mbele ya watu kanisani."

"Ndiyo maana huna cha kuogopa, baba. Mwaga tuone."

Watu walicheka, naye Mzee Loth akacheka, akamwaga. Tangawizi yake ilikuwa safi. Devotha alipokuwa akiizoa, wazo lilimjia, mikono ikasimama. Hata gunia la mzee wa usharika hufunguliwa kwanza. Yeye, binti wa mkaguzi, alikuwa ametoa mbegu yake kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukimwaga akakiona.

Alikuwa bado na wazo hilo bodaboda ilipowasili, na Rodrick akashuka na gunia. Watu walitazamana, maana Rodrick hakuwa na shamba.

"Nimenunua kwa watu," alisema haraka. "Lipimeni, bodaboda inanisubiri."

"Mwaga tuone," Devotha alisema, kabla mama yake hajafungua kinywa.

"We mtoto, unajua unaongea na nani?"

"Na mwenye gunia."

Bi Beatha hakumkemea. Alikunja mikono tu akasubiri, na watu wote uwanjani wakasubiri pamoja naye. Rodrick akalazimika kumwaga.

Ilikuwa tangawizi ya kila namna, kubwa na ndogo, ya mashamba mbalimbali. Katikati yake vilionekana vipande vya kijivu, vilivyopakwa majivu, macho yake yameanza kuchipua. Bi Beatha aliinama akaokota kimoja.

"Hii ni mbegu," alisema. "Nani anauza mbegu mvua ikiwa mlangoni?"

"Na mimi nyumbani nilikuwa nategea panya," alisema Mzee Loth polepole. Jackson, aliyekuwa amesimama karibu, akajificha nyuma ya mzani.

"Sijaiba!" Rodrick alipaza sauti. "Wameleta wenyewe, wamecheza, wamefungua masanduku. Hiyo ni biashara."

Devotha alisimama, magoti yamejaa udongo.

"Hapa hatununui gunia lililofungwa, hata likiwa la mzee wa kanisa. Kwa nini watoto watoe mali kwa sanduku lililofungwa?"

"Devotha, punguza sauti," Mzee Loth alionya.

"Nisamehe, babu. Nikiipunguza hatasikia, na nikinyamaza Jumatatu watapeleka tena."

Rodrick alicheka kwa dharau. "Alama mliiona. Pembeni imeandikwa 18. Nani aliwafumba macho?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo Devotha hakushusha sauti.

"Niliiona. Nilijua inanihusu, nikajifanya sijui. Hilo ni kosa langu na nimeshamwambia mama. Lakini mashine ilipouliza tumezaliwa lini, uliyejibu ni wewe. Waulize wenzangu. Jackson, umezaliwa lini?"

Sauti nyembamba ikatoka nyuma ya mzani.

"Tarehe mosi Januari, mwaka 1990."

"Na wewe, Dorkas?"

"Tarehe mosi Januari, mwaka 1990," alijibu msichana aliyekuwa amemshika mama yake kanga.

"Jackson!" Mzee Loth alishangaa. "Mwaka huo mama yako mwenyewe alikuwa hajazaliwa!"

Kicheko kilizunguka uwanja, lakini hakikukaa sana. Kila mzazi alianza kumtazama mtoto wake, kisha rundo la tangawizi.

"Nikiwazuia mimi, watacheza kwenye simu zenu nyumbani," Rodrick alijitetea.

"Huenda," alijibu Mzee Loth. "Hizo simu ni zetu, nasi ndio tutakaowajibika nazo. Leo tunazungumzia banda lako."

Mkutano wa kijiji ulipofanyika, mabishano yalikuwa marefu. Wako waliotaka banda lifungwe kabisa. Devotha, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, alisimama akasema kwamba gemu ya mpira haijamlia mtu mbegu. Mwishowe ilikubaliwa kwamba umri wa kila gemu uandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, kila mtoto aandikishwe na mzazi wake kwa umri wa kweli, na gemu yenye masanduku ya bahati isiguswe na aliye chini ya miaka kumi na minane. Rodrick alirudisha tangawizi yote iliyokuwa kwenye gunia.

Mbegu ya Devotha haikurudi yote, kwa kuwa nyingine ilikwisha kuuzwa. Ilitosha matuta mawili. Aliomba aongezewe kutoka shambani kwa mama yake, akakataliwa.

"Lile la tatu liache tupu," alisema Bi Beatha. "Ulione kila unapopita."

Mvua ilipotulia, Devotha alipita bandani. Rodrick mwenyewe alikuwa akipaka rangi namba mlangoni, uso umekunjamana.

"Umri?" aliuliza bila kugeuka.

"Miaka kumi na miwili. Nataka ya mpira."

Jioni, mama na binti walipalilia matuta mawili yaliyoanza kuchipua. Devotha alilitazama la tatu.

"Mama, kwa nini waliotengeneza gemu waweke alama, na bado niumie?"

"Kwa sababu alama ya umri ni kama turubai letu," Bi Beatha alijibu. "Imewekwa ili mtu aone kabla hajatoa chake, na mtoto asubiri mpaka macho yake yakomae. Haina mikono ya kukukamata. Inahitaji mwenye banda asiyeidanganya, mzazi anayeuliza, na mtoto anayesema ukweli juu yake mwenyewe. Sisi wote watatu tulizembea. Mimi sikuuliza unachelewa wapi."

"Basi niache ubishi?"

Bi Beatha alinyooka, akafuta udongo mikononi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tenga liliposhushwa.

"Usiuache, mwanangu, uwanja ule unauhitaji. Ila siku nyingine, mtu wa kwanza kumbishia awe yule pacha aliye ndani yako, aliyezaliwa mwaka 1990."