Kichwa cha Baba Siyo Redio

"Toa hizo waya! Jeremia, nasema toa!"

"Mama, tulia kwanza! Nimeona kwenye simu. Wanaweka umeme kichwani, mtu anapona!"

"Yaya! Hapana! Kichwa cha baba yako siyo redio!"

Baba yangu, mzee Kazimili, alikaa kwenye kigoda katikati yetu. Nilikuwa nimemfunga kitambaa chenye maji kichwani. Waya mbili zilitoka hapo kwenda kwenye betri ya sola. Moja nilishaigusisha, bado ya pili.

"Mwache aunganishe," baba akasema. "Mvua zinakaribia. Nani atashika plau?"

Hapo ndo shida yetu. Baba alipata kiharusi mwezi wa tatu. Mguu ulirudi, lakini mkono wa kulia ukabaki unaning'inia tu. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nipo tu hapa Runazi. Nikishika plau mimi, mstari unakwenda kama nyoka.

Kelele zikamleta jirani yetu, dada Marsiana. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anafanya kazi Biharamulo mjini. Aliona waya, akaenda moja kwa moja kwenye betri, akachomoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuninyima dawa?"

"Nimekuja kukuzuia usiungue, au usianguke kifafa. Jeremia, ungemuumiza baba yako."

"Kwa hiyo ile video ni uongo?"

"Siyo uongo. Ila siyo betri." Akavuta ndoo, akakaa. "Nikiwa chuoni mimi mwenyewe niliwekewa. Ni koili ya waya, ina umbo la nane. Wanaishika juu ya kichwa. Hawachani, hawatoboi. Ikalia tak! Kidole gumba changu kikaruka."

"Ulikirusha mwenyewe," mama akasema.

"Mama Jeremia, sikukirusha! Nilikuwa nakiangalia. Tak, kinaruka. Tak, kinaruka. Kama cha mtu mwingine!"

Nikatazama kidole changu. Kila siku nachezea nacho simu, sijawahi kujiuliza nani anakituma.

"Inafanyaje?" nikauliza.

"Ni nguvu ya sumaku. Inapita kwenye fuvu, inaamsha umeme mdogo sana ndani ya ubongo. Ubongo wenyewe unaongea kwa umeme, Jeremia, hata sasa hivi. Kiharusi kimekata njia. Mkono wa mzee haujafa, unangoja taarifa."

"Mungu ni mkubwa," mama akasema polepole.

"Kuna nchi wanatibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni, kwa mashine hiyo. Kwa mkono wa kiharusi, wataalamu bado wanachunguza, na wanaichanganya na mazoezi. Ila kwanza wanauliza swali. Mzee, una chuma chochote kichwani?"

Baba akakohoa. Akagusa kovu lake nyuma ya sikio.

"Kipo."

Mama akageuka. "Si ulisema ni pembe ya ng'ombe?"

"Ni ncha ya mshale. Enzi za sungusungu, tukilinda kijiji usiku. Shibuda alikuwa analenga fisi."

"Miaka ishirini unanidanganya!"

"Ningesemaje? Kamanda mzima, nimepigwa na rafiki yangu!"

Tulicheka. Marsiana hakucheka.

"Basi mashine hiyo siyo yako, mzee. Sumaku inaweza kusogeza chuma, au kukipasha moto. Ungeficha, ungeumia. Mwambie kila daktari."

Baba akainamisha kichwa. "Kwa hiyo ndo basi."

"Nani kasema basi? Ubongo unaweza kutafuta njia nyingine, ukitumwa mara nyingi, kila siku. Mkono wa kushoto, ulio mzima, uvae soksi usisaidie, saa chache kila siku. Wa kulia uhamishe maharage, beseni hadi beseni. Uje na kliniki, nikuangalie. Na huu mlango asiufunge mtu mwingine, ila wewe kwa huo mkono."

Wiki za kwanza mlango ulikaa wazi tu. Mbuzi waliingia, wakala unga. Mama akiinuka kusaidia, baba anafoka: "Kaa!" Maharage aliyasukuma kwa kiganja, yakamwagika, akayakomba, yakamwagika tena.

Wiki ya sita kidole gumba kikasogea. Kidogo tu, kama kifaranga ndani ya yai. Hakuna aliyekigusa. Mama alilia.

Leo asubuhi udongo umelowa. Baba akasimama.

"Plau bado zito, utashika wewe. Mimi nitaswaga ng'ombe, nikikuelekeza."

Nikatangulia nje. Akatoka nyuma yangu, akageukia mlango. Mkono wa kulia ukapanda polepole. Vidole vikazunguka komeo, kimoja, kimoja. Bila waya. Bila betri.

Akavuta.

Tak!