Glavu za Kitinda

Sogeeni. Na wewe unayecheka hapo nyuma, cheka umalize kabisa.

Dada mtu alishuka melini jua limeshaanza kulegea, mkononi ana jozi ya glavu za ngozi zilizoshonwa kwa uzi mwekundu. Hakuwa na shida nyingine nchi kavu. Alikuwa dobi kwenye meli kubwa ya watalii, anafua mashuka kule chini kabisa kwenye mvuke, na wote melini walimwita Dobi tu. Meli ikifunga gati pale, inakaa mpaka giza liingie, halafu inaondoka.

Glavu zilikuwa za mdogo wake, Kitinda, wa mwisho kwa mama yao. Kitinda alikuwa anavuta boti pangoni. Maana pango lile lina vimulimuli darini, wengi hata huwezi kusema, na watalii wanakwenda kuwaona. Sasa hao vimulimuli wana madeko kuliko bibi harusi. Kelele, wanazima. Tochi, wanazima. Kwa hiyo boti haina injini wala kasia. Kuna kamba imepitishwa juu ya vichwa toka mlangoni mpaka mwisho wa pango, na mvutaji anasimama mbele, anaishika, anaivuta mkono kwa mkono. Gizani. Kimya.

Na kamba ile mbichi inachuna ngozi, nyie! Safari iliyopita Kitinda alimwonyesha dada yake viganja, vyekundu kama nyama ya buchani.

"Nimemwomba Tajiri glavu, kasema zinateleza."

"Tajiri wako ana roho ya chuma. Nitakushonea mimi."

"Halafu dada, vimulimuli wanakufa. Tajiri ameleta mganga. Ametukagua viganja wavutaji wote." Kitinda akacheka. "Vyangu ndiyo amevipenda."

Dobi naye akacheka. Angejua...

Basi akafika kwenye kibanda cha tiketi. Tajiri amekaa na mkewe, wanakunywa chai.

"Shikamoo. Namtafuta Kitinda."

"Ametoroka huyo," Tajiri akasema, hata kikombe hakuweka chini. "Kafuata baharia. Si unawajua wasichana?"

"Ametoroka pekupeku?"

Maana buti za mdogo wake zilikuwa nyuma ya mlango. Zile zile, moja imefungwa waya badala ya kamba. Mke wa Tajiri akainama, akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

Dobi akahisi kichwa kinachemka kama pipa la kufulia. Mtoto wa watu amekabidhiwa kwako, ana mama, ana dada, halafu unaniambia baharia huku unakunywa chai! Lakini hakupiga kelele. Akauliza tu, "Leo anavuta nani?"

"Mimi mwenyewe. Vijana hawataki tena."

"Basi nami napanda."

Ndani ya boti walikuwa mzee mmoja wa kizungu na mkewe, hawajui neno la lugha yetu, wanatabasamu kwa kila kitu. Dobi akakaa mbele, karibu na miguu ya Tajiri. Wakaingia.

Giza likawameza.

Halafu wakawaka. Darini, ukutani, kila mahali. Walikuwa wengi kuliko Kitinda alivyowahi kusimulia, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majani. Bibi wa kizungu akavuta pumzi kwa raha. Dobi hakuona raha. Alisikia harufu.

Sabuni.

Sabuni ya mche, ile ya kule melini, aliyokuwa akimkatia mdogo wake kipande kila safari. Pangoni mle, kwenye ukungu na maji baridi... sabuni.

Akainua macho. Tajiri alikuwa ameishika kamba, lakini mikono yake haivuti. Imetulia. Na boti inakwenda.

Mbele yake, juu ya kamba, vimulimuli wamekusanyika mafungu mawili. Fungu moja linasogea, linashika. La pili linasogea, linashika.

Mkono kwa mkono.

Dobi akanyoosha glavu juu, gizani. Zikachukuliwa. Taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

"Kitinda?" akanong'ona.

"Nyamaza!" Tajiri akamshika bega. "Usimwite... Ukimwita atakuja."

Ee! Kumbe anajua! Kumbe muda wote ule, na chai yake, anajua!

"Ulimfanya nini mdogo wangu?"

"Pango lilikuwa linakufa. Watu wangekula nini? Mganga alisema mmoja tu..."

"Mmoja wako! Ungetoa wa kwako!" Dobi akasimama, boti ikayumba, akaita kwa sauti ya kumwita mtoto aliyeibiwa sokoni. "KITINDAAA!"

Vimulimuli wote wakazima.

Kamba ikalia. Kitu kikapita juu ya kichwa chake, kizito, kimelowa. Tajiri akasema, "Hapana, binti, hap..." na sauti yake ikaenda juu. Juu, wanangu. Maji hayakulia hata kidogo.

Kisha boti ikaanza kurudi, yenyewe, polepole, mpaka mlangoni. Mzee wa kizungu na mkewe wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mke wa Tajiri alikuwa amesimama ukingoni na taa. Akatazama boti. Hakuuliza mumewe yuko wapi.

Meli ikapiga honi, Dobi akaondoka. Miezi ikapita akifua mashuka ya watu kwa hasira mpaka yakachanika. Meli iliporudi, akashuka tena. Watalii wamejaa hadi barabarani. Mke wa Tajiri sasa ndiye anayevuta boti, amekonda, macho yameingia ndani.

"Karibu, dada. Siku hizi wanawaka kuliko mwanzo."

Dobi alikuwa anatazama mikono ya yule mama. Glavu za ngozi. Uzi mwekundu.

"Vua."

"Nilizikuta kwenye kamba. Nikazijaribu tu..."

"Vua, nimesema!"

Yule mama akainamisha kichwa. "Hazitoki, dada. Nimekata kwa kisu, natoka damu mimi. Na nikilala zinanivuta. Nisaidie."

Dobi akazishika, akavuta. Zilikuwa na joto. Na kutoka ndani, vidole vikamminya mara mbili, vile ambavyo Kitinda alizoea kumminya walipokuwa watoto, kitanda kimoja, taa imezimwa.

Akaachia.

"Basi wewe vuta kamba," akamwambia, akageuka, akarudi melini.

Ila viganja vyake vilinukia sabuni usiku kucha. Na yeye siku hiyo hakuwa amefua.