Mwalimu Tuliyemkataa

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri tulisimama kwenye mlango wa nyuma wa shule yetu hapa Jeddah, tukisubiri wasichana wa asubuhi watoke wote kwa mlango wa mbele. Wao walikuwa Waarabu weupe. Sisi wa alasiri tulikuwa weusi watupu: Wazanzibari kama mimi, Wakenya, Wanigeria, wengi wetu tukikaa mtaa wa Karantina. Madarasa yalikuwa yale yale, lakini walimu si wale wale. Walimu wa asubuhi walikataa kutufundisha, na mudira, yaani mkuu wa shule, hakuwalazimisha.

Kwa hiyo alipopatikana Mwalimu Risper tulishukuru. Alikuwa Mkenya mwenye shahada ya kufundisha hesabu, ingawa Saudia alikuja kufanya kazi za ndani. Hakuwa na mzaha. Rafiki yangu Valary alikuwa na bidii, lakini kitu lazima aelezwe mara tatu, na Mwalimu Risper alimweleza mara tatu bila kuchoka. Mimi nilikuwa mvivu, wala sifichi. Kazi za nyumbani nilizinakili kwa Valary pale mlangoni. Katika jaribio la kwanza nikapata tatu kwa ishirini.

Mama alipoiona karatasi uso ulimbadilika.

"Hala, usipofika nusu katika mtihani wa mwisho, hupati nafasi shule ya kati. Na shule nyengine hapa haitupokei. Ndiyo unavyosoma hivi?"

Niliogopa, nikasema la kwanza lililonijia mdomoni. "Mwalimu mwenyewe hajui, mama. Alikuwa mtumishi wa ndani. Anatufundisha makosa."

Nilidhani atanibishia. Hakunibishia hata kidogo.

"Nilijua tu," akasema. "Mtumishi wa ndani atajua hesabu gani? Wenzenu wa asubuhi wana walimu wa Kiarabu."

Kesho yake alikusanya akina mama wenzake, wakaenda kwa mudira kudai mwalimu kama wa asubuhi. Mudira alitabasamu. "Kama nyinyi wenyewe hammtaki, halas, basi," akasema. Mwalimu Risper akatolewa darasani, akawekwa mlango wa nyuma kuandika majina ya wanaoingia. Mwalimu wa Kiarabu hakuja. Tulimngoja wiki ya kwanza, tukamngoja ya pili, wapi.

Wiki sita zilipita. Tulichoambulia ni mabaki: tukiingia darasani tulikuta hesabu za asubuhi ubaoni, tukazinakili mbio mbio bila kuzielewa. Wao walikuwa wanamaliza kitabu, sisi hatujafika hata nusu. Siku moja Valary aliitazama hesabu moja kipindi kizima, kisha akalaza kichwa juu ya dawati akalia.

"Nikifeli, mama atanirudisha Kenya kwa shangazi," akaniambia. "Hawezi kuniweka huku bila shule."

Zilibaki wiki tatu. Kila nilipopita mlangoni Mwalimu Risper aliniambia, "Ingia, Hala," kwa upole ule ule, na moyo ukinisuta. Jioni moja nikashindwa kabisa kuvumilia.

"Mama, nilisema uongo. Mwalimu Risper anajua hesabu. Mimi ndiye sikusoma."

Mama alikaa kitako sakafuni. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. "Vaa abaya yako," akasema.

Tulipita mlango hadi mlango kwa wale akina mama, na kila nyumba nilirudia maneno yale yale. Mama yake Valary alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Hata hivyo, kesho yake alikuwa pamoja na wenzake mbele ya ofisi ya mudira.

"Mwalimu mafi, hakuna," mudira alisema.

"Yupo," mama akajibu. "Umemweka mlangoni. Mrudishe, au leo tunawaondoa watoto wote."

Mudira aliwatazama mmoja mmoja, akaona hawatanii. Akakubali.

Nilimfuata Mwalimu Risper mbele ya darasa zima. "Nilikusingizia, Mwalimu. Nisamehe."

"Nilijua ni wewe tangu siku niliyotolewa darasani. Karatasi yako niliisahihisha mimi," akasema. "Nimekusamehe. Sasa keti, ufungue kitabu."

Alitufundisha hata siku za mapumziko. Lakini wiki tatu haziwezi kufanya kazi ya wiki tisa. Katika mtihani wa mwisho mimi nilipata kumi na moja kwa ishirini. Wasichana wanne walifeli. Valary alipata tisa.

Mwalimu Risper alimwandama mudira hadi wanne wale wakapewa mtihani wa marudio. Watatu walifanya, wakapita. Valary alikuwa ameshasafirishwa.

Siku ya marudio mama alinikuta nalia, akakaa kando yangu.

"Wenye shule walituona hatufai kupewa walimu," akasema. "Mwalimu alipopatikana, mimi na wewe tukamtoa kwa mikono yetu. Wewe kwa uongo na uvivu, mimi kwa dharau. Uongo wako usingefika popote, Hala, kama mimi nisingekuwa tayari kuuamini. Nilimwona mweusi kama mimi, nikasema hajui kitu. Ubaguzi wao tutaupinga, lakini tuanze na huu wetu."

Mwaka huu Mwalimu Risper amefundisha darasa letu la zamani, la sita, tangu siku ya kwanza, na hakuna mzazi aliyelalamika. Valary huniandikia mara moja moja kutoka kwa shangazi yake. Hunieleza habari za mvua na za ng'ombe. Habari za shule hajaniuliza hata siku moja.