Gunia la Bi Mwamvua

Wakati wa likizo, kila alasiri, Zuwena alikuwa akimaliza kuosha vyombo anamfuata dada yake Hafsa barazani na kumganda kama kupe. Hafsa alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uandishi wa habari, na pale mtaani kwao Tanga watu walimwita "mwandishi wetu." Zuwena wa darasa la saba naye hakutaka kazi nyingine yoyote duniani.

"Dada, leo nifundishe kitu kipya."

"Ni kilekile cha jana," Hafsa alicheka. "Ukiona jambo, mwulize kwanza mwenyewe. Mwalimu wangu aliwahi kunirudishia kazi nzima kwa sababu sikumwuliza mwenye duka niliyeandika habari zake."

"Hilo nalijua!" Kulijua alilijua kweli, mtoto huyu. Shida ilikuja siku ya kulitumia.

Siku hiyo mtaa ulikuwa kimya kuliko kawaida. Ibrahimu, mtoto wa miaka minne wa Mama Sele jirani yao, hakuonekana tangu asubuhi. Watu walichungulia visimani bila kusema walichokiogopa, na wazazi wakawafungia watoto ndani. Hafsa alikuwa amejipumzisha baada ya kuzunguka kumtafuta. Zuwena akachukua simu ya dada yake, akateremka hadi kwenye mikoko ya ufukweni.

Huko alimwona Bi Mwamvua, mjane aliyehamia mtaani hivi karibuni kutoka kijiji cha Mkwaja. Alikuwa peke yake matopeni, kanga kaifunga kiunoni, anaburuta gunia zito. Akachimba shimo, akalisukumia humo, akalifukia, akapanga mawe juu. Zuwena akajibanza nyuma ya mkoko na kuanza kumrekodi. Ghafla Bi Mwamvua akainua uso, macho yao yakakutana. Zuwena aligeuka akatimua mbio.

Njiani aliituma video kwenye kundi la mtaa: "Mtoto haonekani. Huyu bibi anafukia nini?" Simu ilikuwa ya Hafsa, kwa hiyo habari ilitoka kwa jina la Hafsa. Zuwena alifurahi kweli. Habari yake ya kwanza!

Alipofika nyumbani majibu yakaanza kuingia. Mmoja alisema amekuwa akimshuku bibi huyo siku zote. Mwingine akaandika kwamba ameona mkono wa mtoto ukitokeza guniani. Mkono? Zuwena akaitazama tena video. Hapakuwa na mkono wowote. Akaifuta upesi, lakini wapi! Ilikwisha kusambaa. Nje alisikia vishindo vya watu wengi na sauti ya Masoud, muuza mkaa: "Leteni jembe! Mwandishi wetu mwenyewe kasema!"

Zuwena alimwamsha Hafsa huku analia. Hafsa alisoma ujumbe, uso ukamsawijika. "Ulimwuliza bibi mwenyewe?"

"Hapana, dada."

"Ya Rabi! Twende, watamuua."

Kule mikokoni walikuta umati umemzunguka Bi Mwamvua, kanga yake imechanika begani. Masoud alikuwa ameinua rungu. "Sema, umemfanya nini mtoto?"

Hafsa alipenya, akasimama mbele ya bibi. "Msimguse!"

"Si wewe uliyetuambia?" Masoud alifoka.

Hafsa hakumtaja mdogo wake. Zuwena akaona jinsi watu wanavyomtazama dada yake, akajipenyeza hadi mbele.

"Ni mimi," alisema. "Nilituma mimi. Sikuona mtoto wala mkono. Niliona gunia tu, na sikuuliza."

Hafsa akamgeukia yule bibi. "Shikamoo, Bi Mwamvua. Gunia lina nini?"

"Makumbi," alijibu. "Makumbi ya nazi, mwanangu, haya maganda ya nje. Nayafukia yalainike, kisha niyatwange nisokote kamba. Kwetu ndivyo tufanyavyo."

Masoud alifukua. Kweli, yalikuwa makumbi matupu. Vijana wa mtaa ule walizoea kamba za nailoni za dukani, kazi hii hawakuwahi kuiona. Hapo hapo mtu akaja mbio akipiga kelele: Ibrahimu amepatikana kwa fundi cherehani, kalala fofofo nyuma ya majora ya vitambaa! Mama Sele aliangua kilio, akamshika Bi Mwamvua mikono akimwomba radhi. Wengine waliondoka mmoja mmoja bila kutazamana.

Jioni Zuwena alikwenda na dada yake kuomba radhi. Bi Mwamvua aliitikia salamu, akamgeukia Zuwena.

"Nilikuona pale mikokoni," alisema. "Nilingoja uniamkie, nikwambie uje unishikie gunia. Mbona ulikimbia?"

Zuwena alilia.

"Ulichokiona kilikuwa kweli," Hafsa alimwambia walipokuwa wakirudi. "Bibi alifukia gunia. Lakini ulitangaza hofu yako kabla ya kuuliza, na hofu hiyo nusura itoe roho ya mtu. Chuoni mtu hufeli mtihani akarudia. Bi Mwamvua angerudiaje?"

Kesho yake Zuwena aliteremka tena ufukweni, mikono mitupu, bila simu. Bi Mwamvua alikuwa akichimba shimo jipya la kulifukia gunia lake.

"Shikamoo, bibi!" aliita kutoka mbali.

Bi Mwamvua alishtuka, akalikumbatia gunia lake. Alikawia kidogo, kisha akamtambua.

"Marahaba," alisema. "Haya, shika upande huo."