Maprofesa Wawili wa Hasamba

Kuna wanawake hawajui kupika, lakini Mama Violet hayumo. Hasamba nzima inajua, iwe msiba iwe harusi, sufuria kubwa anashika yeye. Kwa hiyo Profesa Fanueli alipostaafu akarudi kwake na masanduku yake, akawekewa ugali na maharage, akatia tonge mdomoni akakuta hamna chumvi hata chembe, alishangaa.

"Mama Violet, chumvi umesahau?"

"Si ulisema mwenyewe hutaki chumvi," mkewe akajibu, anaosha masufuria wala hageuki.

"Lini?"

"Zamani."

Profesa akala hivyo hivyo.

Huyu Profesa alikuwa anafundisha baiolojia kwenye kachuo kadogo huko mbali, kachuo kenyewe darasa zima unalipakia kwenye Noah moja na nafasi inabaki, lakini uprofesa ni uprofesa bwana. Maisha yake yote vyura na hadubini. Nyumbani anakuja Krismasi, na Krismasi nyingine haji kabisa, anapiga simu anasema mwaka huu vyura wanataga. Mi niliposikia hilo nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mkewe, Fausta, ndiye Mama Violet mwenyewe, akabaki huku na shamba la kahawa na binti yao, akamlea mpaka akaolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Na kila likizo Profesa alikuwa na wimbo mmoja: nikimaliza kazi nitakaa barazani na mke wangu tuzeeke, sina kingine duniani ninachotaka. Alimaanisha kabisa, maskini.

Sasa kutembea kijijini ndiko kulikomtatiza. Watu hawampi pole ya safari. Hawamshangai. Jirani yao Anastazia anamwambia, "Profesa, asante kwa kunisaidia kupogoa mibuni juzi." Juzi gani, wakati juzi alikuwa bado kwenye basi? Kiti chake cha barazani kimebonyea katikati kama cha mtu anayekikalia kila siku. Viatu vyake vya shamba, alivyoviacha vipya, vimelika kisigino upande wa nje, na yeye ndivyo anavyokanyaga. Halafu mle ndani mnanukia maua ya mibuni, ile harufu tamu nzito ya shamba likichanua, na msimu wenyewe kahawa ilikuwa imeshaiva, watu wako na vikapu wanachuma.

Akajiambia mke wangu anazeeka, anasahau. Msomi si unamjua, kila kitu lazima akipe ugonjwa wake.

Mpaka mchana mmoja, jua limesimama utosini, watoto shuleni, wakubwa shambani, kuku wenyewe wamejificha. Hapa mi huwa nashusha sauti. Profesa alikuwa uani ananawa, akasikia mtu anakohoa sebuleni, kikohozi kikavu kinachoishia na kumeza mate, akakijua, akawa anajiuliza nakijulia wapi hiki mpaka mkono wake wenyewe ukapanda ukamshika koo, na kabla hajapumua akasikia kandambili zinaburuzwa, mguu mmoja ukiburuzwa kuliko mwenzake, na ile harufu ya maua ikazidi mpaka mdomo ukamjaa mate, akanyata mpaka dirishani, akashika nondo, akachungulia, akamwona Fausta amepiga magoti anamkausha mtu miguu kwa khanga yake, anaongea naye polepole na kucheka, kicheko ambacho Profesa hakuwa amekisikia tangu Violet yuko mgongoni, na yule mtu kitini akainua uso akamtazama pale dirishani, na ulikuwa uso wake yeye Profesa, kovu lake la kidevuni, mvi zake, miwani yake, akamtabasamia vile mwenye nyumba anavyomtabasamia mgeni aliyekosea mlango.

Alipozunguka akaingia, sebuleni alikuwepo Fausta peke yake, anakunja khanga.

"Nani alikuwa humu?"

"Nani tena? Wewe."

Na bado msomi hakukubali. Akaenda kwenye kitana, akakuta unywele mweupe, akatoa hadubini yake sandukuni, akaulaza kwenye kioo. Kwa macho unywele upo. Akitia jicho kwenye hadubini, kioo kitupu. Akitoa jicho, upo. Akirudisha, haupo. Akang'oa wa kwake akauweka, ukatokea mnene kama kamba ya mbuzi. Mwenzangu, mzee wa watu alikaa chini sakafuni.

Ndipo akateremka bondeni Momba kwa mganga Ngolo, yeye aliyewacheka watu wa waganga miaka yote. Ngolo hakumcheka. Akamuuliza kitu kimoja.

"Chakula cha kwako kina chumvi?"

"Hakina."

"Basi ni jini, wao chumvi hawaiwezi. Na huyo hakuvunja mlango, Profesa. Jini wa namna hiyo anaingia akiitwa kwa jina la mtu. Mkeo alimwita kwa jina lako, na ni mkeo tu wa kumtoa. Akisimama mlangoni akamwambia mtu, wewe si mume wangu, toka, aliyeambiwa hakanyagi tena kizingiti hicho."

Profesa akarudi naye, moyo mwepesi kidogo. Kwani kazi gani hiyo, mke kumkataa jini? Walipofika, Ngolo akafukiza dawa yake barazani, na moshi ulipotulia, kitini alikuwa amekaa yule mwingine, ametulia, anapepea uso kwa kofia. Profesa akaingia mlangoni akamshika mkewe mkono, akamnong'oneza.

"Fausta, unamwona yule?"

"Namwona."

"Si mimi yule."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza." Na yeye alinong'ona. "Ulipiga simu ukasema huji. Nilikuwa nimeshachinja kuku. Nikakaa hapa mlangoni nalia, nakuita jina. Akaja mtu anatokea kwenye mibuni. Nikaona ni wewe, nikaona si wewe. Nikamwambia karibu."

"Miaka yote hiyo, Fausta? Unalala na kitu hicho, mimi nahangaika kwa ajili yako?"

"Baba Violet, ulihangaika na vyura. Huyu alinichotea maji nilipougua. Huyu anajua goti langu linauma upande gani."

"Mimi ndiye mumeo wa kanisani."

"Ndiyo," akasema. "Ndiye."

Ngolo akakohoa, akasema mama, sema sasa, dawa inaisha. Fausta akajitoa mkono polepole. Akawatazama wote wawili. Halafu akamgeukia Profesa, machozi yanamtoka, sauti haitetemeki.

"Wewe si mume wangu. Toka."

Hakusukumwa na mtu. Miguu yake ilianza kurudi kinyumenyume yenyewe, ikashuka ngazi, yeye kashika fremu ya mlango na vidole vikaachia kimoja kimoja. Akajaribu kupanda tena, mguu ukifika kizingitini unapinda pembeni. Ngolo akakusanya vibuyu vyake akaondoka bila kuaga. Yule mwingine hakucheka. Alisogeza tu kiti, Fausta akae kivulini.

Basi Profesa yuko Tunduma siku hizi, chumba cha kupanga nyuma ya maegesho ya malori. Kila akipanda gari la Hasamba anashuka njiani, mwenyewe hajui kwa nini kashuka.

Juzi akamwona Violet stendi, katoka Nakonde na mfuko wa machungwa. Akamkimbilia. "Violet, mwanangu."

Binti akamtazama mzee mwenye vumbi, akamtazama vizuri, asione uso anaoujua, akaona huruma. "Shikamoo mzee. Umenifananisha."

"Ni mimi baba yako."

"Baba yangu yuko nyumbani, naongea naye sasa hivi," akasema, akamwonyesha simu. Ilikuwa kwenye spika.

"Violet," simu ikasema, na Profesa akasikia sauti yake mwenyewe, na kile kikohozi chake. "Nani huyo anakusumbua?"

"Mzee tu, baba. Kachanganyikiwa."

"Usimfokee. Mpe chochote, upande gari, mama yako anakusubiri."

Violet akatoa machungwa kwenye mfuko aliombebea baba yake, akamtilia yule mzee mikononi, akapanda gari.